Daftari la Chupa

Saa moja na robo asubuhi, kabla Daktari hajafika na kabla wanafunzi wake hawajamaliza kupiga miayo, Mizani alikuwa ameshavaa koti lake jeupe, amezibana nywele ndani ya kofia, na ananyanyua chupa ya kwanza kutoka kizimba cha kwanza. Aliipangusa mdomo, akaiweka kwenye mzani, akasubiri tarakimu zitulie, akaandika. Kisha ya pili. Vizimba vilikuwa thelathini na saba, kila kimoja na chupa mbili, na hakuna chupa iliyowahi kusamehewa kwa sababu ni Jumatatu au kwa sababu mvua inanyesha.

Hesabu ya panya, hata hivyo, ilikuwa thelathini na sita. Kizimba cha mwisho hakikuwa na mtu. Mizani alikining'inizia chupa zake kama vingine ili ajue ni kiasi gani hudondoka chenyewe au hupotea hewani, na kiasi hicho ndicho cha kutolewa kwenye hesabu za wengine wote siku ya kujumlisha. Wafanyakazi wenzake walikiita kizimba cha jini. Walipopita mlangoni walimwuliza jini kanywa kiasi gani leo, naye akawajibu bila kucheka kwamba ni gramu mbili.

Jina la Mizani walimpa wao hao, miaka mingi iliyopita, nusu kwa utani na nusu kwa kuchoshwa naye. Kwenye karatasi za ajira alikuwa mhudumu wa nyumba ya wanyama katika maabara ya chuo, cheo ambacho ukikisikia unadhani ni mtu wa kufagia mavi ya panya na kushika hamsini zake. Mavi aliyafagia, ndiyo. Lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna utafiti uliotoka katika jengo lile ambao haukupita kwanza katika viganja vyake, na watafiti waliokwishakuwa wakubwa huko waliko walijifunza kwake jinsi ya kumshika panya bila kumtisha.

Alikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko zote: kitu kilichoandikwa hakifutwi. Unaandika kwa wino. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mstari mwembamba, kosa lenyewe libaki linasomeka, kisha kando unaandika kilicho sahihi na kutia saini yako. Sheria hiyo ipo katika maabara nyingi, na katika nyingi imebandikwa ukutani inapigwa na vumbi. Kwa Mizani ilikuwa na meno. Mwanafunzi aliyekutwa na raba alinyang'anywa hapo hapo, na inasemekana droo yake ilikuwa na raba kumi na moja, mateka wa vita.

Mwaka huo Daktari alikuwa anatafuta kitu cha kulikinga ini lisiharibiwe na pombe. Alikuwa ameangukia kichaka kimoja chenye majani machungu, ambacho wazee wa mahali pengi huwachemshia watu walioanza kugeuka macho rangi ya manjano. Jina lake silitaji, kwa sababu nawajua walimwengu: nikilitaja tu, kesho vichaka vyote vitakuwa uchi. Swali la Daktari lilikuwa kama kilichomo ndani ya majani yale kweli kinalisaidia ini, au ni maneno ya kupeana matumaini.

Mizani ndiye aliyeyaandaa. Aliyaanika kivulini, kamwe si juani, akayasaga, akayaloweka siku tatu ndani ya spiriti katika mitungi ya kioo iliyozungushiwa karatasi nyeusi. Alichuja kwa kitambaa, akachuja tena kwa karatasi, kisha akaikausha spiriti yote taratibu juu ya maji ya uvuguvugu mpaka ukabaki utomvu mweusi unaonata kwenye kijiko. Siku ya kwanza alicheka peke yake, kwamba kinga ya mlevi nayo hutolewa kwenye jani kwa kileo. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona, alifanya jambo ambalo angemfokea mwanafunzi kwa kulifanya: aligusa utomvu ule kwa ncha ya ulimi. Mpaka saa kumi jioni chai yake ilikuwa bado haina ladha ya sukari.

Mpango ulikuwa kwamba kila panya wa kundi la tatu amezeshwe dawa kila asubuhi kwa mrija mwembamba unaoshuka kooni. Kazi hiyo inataka mkono mtulivu na muda mrefu, na wiki ile mwanafunzi mmoja aliugua na mwingine akaenda kuzaa. Daktari akaona arahisishe. Panya wa kundi la kwanza wapewe maji matupu katika chupa zote mbili. Wa kundi la pili wapewe chupa ya maji na chupa ya pombe. Wa kundi la tatu vivyo hivyo, ila dawa ichanganywe ndani ya pombe yao, wajinywee wenyewe. Mizani alikunja uso lakini akanyamaza, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu mikono ilikuwa miwili tu. Baadaye alikuja kujilaumu kwa ukimya huo kuliko alivyomlaumu Daktari kwa uamuzi wake.

Kuzipima chupa hakuna aliyemwagiza. Mpango wa utafiti ulitaka panya wapimwe uzito na damu, basi. Chupa alizipima kwa sababu zilikuwa zinapungua, na yeye hakuweza kuona kitu kinapungua akakaa bila kujua kimepungua kwa kiasi gani. Alikuwa na daftari lake mwenyewe la mistari ya mraba, la kununuliwa dukani, lenye jalada la gazeti. Aliandika kila siku na kufunga. Hakujumlisha.

Juu ya mlango wa nyumba hiyo ya wanyama palikuwa na kibao cha rangi ya bluu chenye herufi nyeupe zilizonyooka kama zimepigwa chapa: NYUMBA YA WANYAMA. Chini yake, kwa herufi ndogo ambazo hakuna ofisi iliyoziagiza, paliandikwa PIGA HODI, WENYEWE WAPO. Kibao hicho kiliandikwa na mdogo wake Mizani, mtu aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi, ambaye nusu ya maduka ya mji ule yalijitambulisha kwa wateja kwa mkono wake. Mizani alimbeba mgongoni kabla hajajua kubeba mtoto wake mwenyewe. Kila asubuhi alipita chini ya herufi zile, na mwaka huo alipita akiwa ameinamisha kichwa.

Fundi alikuwa anakunywa. Miaka ya mwanzo alikunywa kama wengine, mwisho wa juma na kwa kelele. Sasa alikunywa kimyakimya na kila siku, chupa kali iliyokaa kabatini nyuma ya makopo ya rangi. Alipopanda ngazi kuandika kibao ilibidi asimame na brashi mkononi, akisubiri mkono utulie, na wateja walijitia hamnazo kwa heshima ya zamani. Miguu ilivimba. Weupe wa macho ulianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mizani alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari wa huko alisema ini limeshapata makovu lakini bado halijakwisha. Akiacha pombe linaweza kupumua, na akiendelea hatafikisha miaka miwili. Akaonya pia kwamba asiache kwa mkupuo, kwani mwili uliozoea hivyo unaweza kupata degedege. Apunguze kwa kipimo, siku baada ya siku, kwa vidonge watakavyompa, na arudi kila wiki aangaliwe. Fundi alisikiliza kwa adabu, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati, na shati likafuliwa na karatasi yake.

Basi tegemeo lote likahamia kwenye kichaka. Mke wa Fundi, mwanamke mshonaji mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi, alikuwa amesikia kwa Mizani kwamba kuna majani yanajaribiwa, na tangu siku hiyo hawakukutana bila ya yeye kuuliza habari za panya. Aliwaulizia panya kabla ya kuwaulizia watoto wa wifi yake. Wanakula? Wamenenepa? Mizani alimjibu kwamba panya hawajambo na wanamsalimu.

Wiki ya sita ilipokwisha, panya walilazwa usingizi wa kutoamka na matumbo yakafunguliwa. Maini ya kundi la pili yalikuwa yamefifia, yana mafuta, rangi ya siagi iliyokaa juani. Maini ya kundi la tatu yalikuwa mekundu ya kahawia, laini, yanang'aa, huwezi kuyatofautisha na ya wale waliokunywa maji. Daktari, ambaye kwa kawaida kusema "vizuri" kulimgharimu juma zima, alipiga mluzi. Jumatatu iliyofuata palikuwa na mkutano mkubwa wa watafiti, na hapo hapo akasema atasimama mbele yao na picha zile.

Mizani aliinama kuyatazama kwa karibu. Hakuwa anaona ini la panya. Alikuwa anaona la mdogo wake. Na yeye ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuchukua hata njiti ya kiberiti isiyo yake, aliingia chumba cha mitungi, akajaza dawa katika kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, akakitumbukiza mkobani karibu na daftari lake. Saa tisa alisaini kutoka kazini na kwenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

Fundi alikuwa bafuni akioga. Wifi yake Mizani alikiona kichupa. Alikwenda jikoni akarudi na kijiko na glasi ya maji, akavipanga juu ya kitambaa cha meza, akaketi na mikono katikati ya magoti. Sauti ya maji ilisikika kutoka nyuma. Mizani akashika kijiko, na hapo kazi yake ikamkamata mkono. Kijiko kimoja au viwili? Ili ajue mtu wa kilo sabini apewe kiasi gani, lazima kwanza ajue kila panya alimeza kiasi gani kwa siku. Jibu lilikuwa mkobani. Alilifungua daftari juu ya kitambaa, akatoa kalamu, na kwa mara ya kwanza akajumlisha.

Panya wa kundi la pili walikuwa wakinywa pombe gramu ishirini na mbili kwa siku, kila mmoja kwa wastani. Wa kundi la tatu, siku ya kwanza, kumi na tisa. Siku ya pili, saba. Siku ya tatu, tano, na tano ikaendelea mpaka mwisho, na ukitoa zile mbili za jini unabaki na tatu. Chupa zao za maji ndizo zilizokuwa zikikauka. Mizani alijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayerudi kuangalia kama kweli amefunga mlango. Akaukumbuka uchungu uliolala ulimini mwake mpaka jioni.

Aliweka kijiko chini. Akakifunga kichupa na kukirudisha mkobani, na wifi yake akaufuata mkono ule kwa macho mpaka ulipotoka mtupu.

"Umekileta, umekiweka mezani, sasa unakirudisha," alisema.

"Sijui kama ni dawa."

"Si uliyaona maini kwa macho yako?"

"Nimeyaona. Lakini hawakunywa, wifi. Pombe yao ilikuwa chungu wakaikataa. Maini ni mazima kwa sababu hayakupigwa."

"Mpe hivyo hivyo. Kitamdhuru nini?"

Mizani alimwambia ukweli, kwamba hajui, na kwamba ini lililochoka huweza kuzidiwa na kitu ambacho ini zima halikioni. Wifi yake alikisukuma kijiko kando. Halafu akasema kwa sauti ya chini, jambo lililouma kuliko kelele: "Wewe unapima. Mimi ndiye ninayelala naye nikisikiliza kama bado anapumua."

Mizani aliomba siku mbili. Alipoinuka kuondoka, wifi yake hakumsindikiza hata mpaka mlangoni, na kati yao hilo halikuwahi kutokea tangu siku ya harusi.

Asubuhi, kabla ya chupa ya kwanza, Mizani alikimwaga kichupa katika sinki. Katika kitabu cha mitungi aliandika kwamba amechukua mililita sitini bila ruhusa na kuzimwaga, akatia saini. Kisha akamsubiri Daktari akiwa amesimama, daftari kifuani.

Daktari alikisoma kitabu cha mitungi, akashangaa, akalisoma daftari, akaacha kushangaa. Alikuwa na michoro ya mkutano imetandazwa mezani, mizuri, ya rangi tatu. Aliuliza nani alimwagiza kupima chupa. Mizani akajibu kwamba hakuna.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema Daktari. Hakulisema kama mtu mbaya. Alilisema kama mtu aliyepanda ngazi nyingi na kuambiwa nyumba aliyokuwa anaitafuta iko jengo la pili.

"Najua mimi, Daktari. Na wewe sasa."

"Mama, umenipotezea mwaka mzima."

"Nina mgonjwa nyumbani," alisema Mizani. "Jana nilikuwa na kijiko mkononi. Kama nisingejumlisha, ningempa, naye angeamini ana kinga, angeendelea kunywa. Wako wangapi kama yeye watakaosoma karatasi yako?"

Daktari aliitazama michoro yake. Alikaa akichezea kifuniko cha kalamu mpaka wanafunzi wakaanza kuingia, wakaona hali, wakatoka tena. Mwishowe aliuvuta mchoro wa juu kabisa, ule aliojivunia zaidi, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, mwembamba, kila kitu kikibaki kinasomeka, akatia saini. Nampa heshima yake kwa hilo. Jumatatu alisimama mbele ya watafiti wenzake na badala ya kujisifu akawaeleza jinsi alivyokosea na nani aliyemwokoa, na kwenye jina la Mizani akaongeza jina lake la kuzaliwa, ambalo nusu ya chuo walikuwa hawalijui.

Utafiti ulirudiwa kwa mrija, kama ulivyopangwa tangu mwanzo, Mizani akimshika panya mmoja mmoja. Nitangulize matokeo yake ili yasitusumbue: dawa ilisaidia, kidogo. Ini la panya aliyeendelea kunywa liliharibika hata hivyo, ila polepole zaidi. Hicho si kitu cha kupuuza, na mpaka leo Daktari anakifuatilia. Lakini si kitu cha kumpelekea mtu nyumbani kwa kichupa cha kikohozi.

Siku mbili alizoomba zilipotimia, Mizani alikwenda kwa mdogo wake akiwa na mzani wa jikoni kwapani na daftari jipya la mraba. Fundi alikuwa uani akichanganya rangi. Mizani alimweleza yote bila kumung'unya maneno, kuanzia kichupa mpaka gramu tano. Fundi alisikiliza, brashi ikitetemeka kwenye kopo, kisha akacheka kicheko cha kweli.

"Kwa hiyo walinusurika kwa sababu kinywaji hakikuwa kitamu."

"Ndiyo."

"Basi nitilie na mimi uchungu wako, dada, tuone."

"Nikitia utamwaga, utanunua nyingine. Panya hana duka."

Fundi alicheka tena, lakini safari hii kicheko kiliishia njiani. Mizani aliuweka mzani juu ya benchi la kazi, kati ya makopo, akamwambia watarudi hospitali pamoja, watachukua kipimo cha kupunguza, na kila asubuhi chupa itakaa hapa. Fundi akauliza kama yeye amekuwa panya.

"Panya haandiki," alisema Mizani. "Wewe utajiandikia. Na utakachokunywa nje, ambacho mzani huu hauwezi kukijua, nacho utaandika."

Walikwenda hospitali watatu, wifi akiwa amenuna kiti cha mwisho. Walirudi na vidonge na karatasi ya kushuka: leo kiasi hiki, kesho kiasi kile. Daktari wa hospitali alilitazama daftari tupu, akaligeuzageuza, akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na dada kama huyu. Fundi akasema hajui anachokiomba.

Kila Jumamosi Mizani alipita. Fundi alikuwa anaandika kweli, na lazima niseme, sijawahi kusikia daftari la gramu lililopendeza namna ile. Hata kwa mkono unaotetemeka mtu yule hakujua kuandika tarakimu mbaya. Saba zake zilikuwa na kofia na nane zake zilikuwa na kiuno. Mizani alisoma, akatia saini chini ya ukurasa kama shahidi, akanywa chai, akaondoka. Wifi yake alimmiminia chai ile kimya na hakumsindikiza.

Jumamosi ya tatu alisoma polepole zaidi. Mia sita, mia tano na themanini, mia tano na sitini. Tarakimu zilikuwa zinashuka ngazi moja moja, sawasawa na karatasi ya hospitali, hakuna siku iliyoteleza wala siku iliyopanda. Mizani alikuwa ameishi na tarakimu miaka ishirini na sita. Alijua kwamba zile za kweli zina matuta, kwamba hata chupa ya jini siku nyingine hudondosha gramu tatu. Hizi hazikuwa zimepimwa. Zilikuwa zimenakiliwa.

Aliogopa kuliko alivyoogopa hospitali. Mzani ungeweza kudanganywa, daktari angeweza kudanganywa, na ini la mdogo wake lingeendelea na kazi yake ya kufa bila kudanganyika. Angeweza kugomba. Alimtazama Fundi aliyekuwa ameinamia kibao cha kinyozi, akijifanya hana habari, kisha akalifunga daftari bila kutia saini, akamaliza chai, akaaga.

Wiki ile nyumba ya wanyama ilimwona mtu mwingine. Alimpita mwanafunzi mwenye raba na hakumnyang'anya. Alipoulizwa habari za jini alisema hajambo, na muulizaji akabaki amesimama mlangoni asijue la kufanya. Mara mbili alishika simu ampigie mdogo wake na mara mbili akairudisha mfukoni, kwa sababu alijua akiuliza ataambiwa anachotaka kusikia.

Jumamosi ya nne alimkuta Fundi ameketi kwenye benchi, daftari liko wazi magotini. Hakuamka kumpokea mkoba kama kawaida yake. Alimpa daftari tu.

Kurasa zote tatu za mwanzo zilikuwa zimepigwa mistari; ule wa wiki hii haukuwa nayo. Juu ya mia sita palipita mstari mmoja mwembamba, mia sita ikisomeka vizuri, na kando yake mia saba na arobaini, na saini. Juu ya mia tano na themanini, mstari, mia tano na themanini iliyo chini yake ikiwa nzima, na kando: mia sita na kumi, na sabini kwa kinyozi, na saini. Kushuka hivyo, siku baada ya siku. Kulikuwa na siku mbili tu ambazo hazikuguswa. Mistari ilitetemeka kidogo, lakini hakuna hata mmoja uliopigwa mara mbili kuficha kilicho chini.

"Umezipata wapi hizi?" aliuliza Mizani.

Fundi alikigeuza kibao kilichoegemezwa ukutani. Nyuma yake, kwa chaki, kulikuwa na safu ya tarakimu.

"Kila siku nilikuwa napima. Naandika ya kweli huku, nakuandikia wewe ya karatasi. Sikuwa na moyo wa kukuonyesha." Akajipangusa vumbi la chaki vidoleni. "Ulipofunga bila saini, sikulala. Hujawahi kuninyima kitu maishani mwangu, dada."

Mizani alisoma tarakimu za kweli kutoka juu mpaka chini, kidole kikipita pembeni. Zilikuwa mbaya kuliko za hospitali. Zilikuwa na matuta: Ijumaa moja ilikuwa imepanda vibaya sana, na kando yake Fundi alikuwa ameandika neno moja, aibu. Lakini alipofika mwisho akarudi mwanzo, na akajumlisha wiki kwa wiki, chini juu, juu chini. Zilikuwa zinashuka. Kwa matuta yake yote, wiki ya nne ilikuwa chini ya ya tatu, ya tatu chini ya ya pili, na ya pili chini ya ya kwanza. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anajua hilo zaidi ya chaki.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Alitoa kalamu, akatia saini chini ya kila ukurasa, zote nne, na tarehe. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni na sindano imechomekwa kifuani mwa gauni, ameyasikia yote. Alikuja akaliomba daftari, akalisoma na yeye, midomo ikitembea, akafika kwenye lile neno la Ijumaa na kulishika kwa kidole.

"Hizi ni kubwa kuliko zile," alisema mwishowe.

"Ni kubwa," alisema Mizani. "Jumatatu tutampelekea daktari hizi hizi. Na hizi nazijua."

Chai ikaletwa, ikanyweka. Fundi alirudi kwenye kibao chake cha kinyozi, akasimama na brashi hewani akisubiri mkono utulie, ukachukua muda wake, ukatulia. Mizani alipoinuka kwenda, wifi yake aliuchukua mkoba wake, akatangulia, na akamsindikiza mpaka barabarani.